Shikamoo Si Amri Mbaya

Mashaka Sadallah,
Tarishi,
Najmuddin na Wanawe, Mabati na Misumari,
Tegeta.

14 Agosti 1997

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Bwana Hyder Najmuddin,
Ghorofani, mlango wa pili baada ya ngazi.

Ndugu Mkurugenzi,

Marahaba. Naanza na marahaba kwa sababu najua tungeonana ana kwa ana ungenipa shikamoo yangu, kama unavyonipa kila asubuhi pale kwenye ngazi, ingawa wewe ni mkurugenzi na mie ni tarishi. Na hilo neno Ndugu usilichukie. Najua tangu nchi ifungulie biashara huria kila mwenye mlango wake anaitwa Mheshimiwa. Lakini marehemu baba yako nilimwita Ndugu Najmuddin tangu mwaka 1978 na hakunikataza, na mie siwezi kumpandisha mwana cheo kumzidi baba.

YAH: KUNYANG'ANYWA KAZI NA WAYA USIOJUA KUSALIMIA

Barua yako ya Jumatatu nimeipata. Bi Nusaiba wa masijala alinikabidhi barua tisa nizigawe, nikagawa nane, ya tisa ikawa yangu. Inasema kwamba kwa kuwa ofisi sasa ina mtandao wa kompyuta, nafasi ya tarishi haitahitajika kuanzia mwisho wa mwezi huu. Nikiri kosa langu: mara ya kwanza nilisoma "mtandio wa kompyuta", nikafurahi, nikadhani kina mama wa ofisi wanashonewa sare. Nikaenda mpaka kwa Bi Lulu wa mapokezi kumpa hongera. Yeye ndiye aliyenisomea vizuri, ndipo nikajua mtandio haumo.

Ndugu Mkurugenzi, mie si mtu wa kukurupuka. Kabla ya kushika kalamu nilikwenda kwa fundi wa mitambo hiyo, Bwana Polikarpo Leonardi, mtu mpole, nikamwomba anifundishe adui yangu kuanzia kichwani mpaka mkiani. Akanifungulia sanduku la kompyuta nikaliona tumbo. Ndani kuna ubao mkubwa wa kijani ambao mafundi wanauita mama, na vibao vingine vyote vimechomekwa kwake vinanyonya. Nilimwuliza baba yuko wapi, akasema hakuna baba. Sikutaka kuingilia mambo ya nyumba ya watu. Kuna na kitu cha kufikiria, kidogo sawa na biskuti, nacho kina feni yake peke yake. Ofisi ya mauzo ina watu wanne na haina feni, lakini hilo nitalirudia mbele. Kwa ufupi nimesoma, nimeelewa, na sasa nalalamika kwa elimu.

1. SALAMU

Fundi amenieleza kwamba kompyuta moja ikitaka kusema na nyingine, haianzi kubwabwaja tu. Kwanza zinapeana mkono. Ya kwanza inauliza upo, ya pili inajibu nipo, wewe je, ya kwanza inasema nami nipo, ndipo mazungumzo yanaanza. Hapo nilizipenda kidogo, sikufichi. Nikamwuliza ni ipi inayotangulia kusalimia. Akasema yoyote, ile yenye shida. Nikamwuliza hata kama ni ndogo kwa mwenzake. Akasema mashine hazina umri.

Mashine ya masijala ilinunuliwa na marehemu mzee mwaka 1991. Iliingia humu kwa mkokoteni, na mie ndiye niliyeshika upande wa nyuma isidondoke. Mashine ya stoo ni ya mwaka jana. Na hiyo ya mwaka jana inamwamsha mzee wa masijala mara mia kwa siku, upo, upo, upo, kama jirani aliyekuja kuazima chumvi, wala shikamoo haipo.

Nikasema pengine zimekosa wa kuzifundisha. Kwa ruhusa ya Bi Nusaiba nilikaa mbele ya ile ya masijala, kioo kikiwa cheusi. Nikaamua kuanza mie ili iige, maana hata watoto wetu ndivyo tunavyowafundishaga. Nikatafuta herufi moja moja, nikaandika SHIKAMOO, nikabonyeza kile kitufe kikubwa anachokibonyeza yeye akimaliza. Ikajibu papo hapo, kwa Kiingereza. Bi Nusaiba akanitafsiria: amri mbaya, au jina baya la faili.

Amri mbaya. Mtu wa miaka hamsini na mitatu anajishusha kuipa shikamoo mashine ya miaka sita, inamwambia ameiamuru vibaya. Nikaandika MARAHABA, labda inapenda ukubwa. Amri mbaya. Nikaandika HODI. Nayo ni amri mbaya, na mpaka leo sijui humo mtu anaingiaje.

2. KUMBUKUMBU

Kompyuta ina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni ile inayofanyia kazi, nayo inakumbuka umeme ukiwepo tu. Ukikatika, imesahau kila kitu, hata ilikuwa inaandika nini. Ya pili ni sahani ngumu inayozunguka ndani ya sanduku. Hiyo haisahau, ila ni lazima uiambie ihifadhi. Usipoiambia, yenyewe haijitumi.

Mwezi wa sita Bi Lulu aliandika barua ya kurasa tatu kwenda kwa mteja wa Madale, umeme ukakatika, barua ikafutika, Bi Lulu akalia. Fundi akasema kosa ni la Bi Lulu kwa kutohifadhi. Mie umeme ukikatika hapa Tegeta sijawahi kusahau jina langu, wala nilikuwa nakwenda wapi. Barua ya kwanza niliyoipeleka katika kampuni hii ilikuwa ya kuomba mchanga, ilikuwa Jumanne, na aliyeipokea alikuwa na jipu shingoni. Hakuna aliyenibonyeza kitu nikumbuke.

3. Lalamiko hili lilihusu kelele za printa. Nimeliondoa, kwa sababu Bi Nusaiba anasema mie nikicheka nasikika mpaka barabarani.

4. UPENDELEO

Kompyuta zina kiyoyozi. Zina mapazia. Anayeingia uhasibuni zilipo mbili anavua viatu mlangoni, kwa sababu vumbi linaziumiza. Sikatai kuvua viatu, hata nyumbani tunavua. Lakini tangu utaratibu huu uanze, viatu vya ofisi nzima vinalala pale kwa pamoja, na mie nimesharudi kwetu Kinondoni nimevaa kandambili mbili za mguu wa kushoto. Mke wangu aliniuliza ni sare mpya ya kampuni.

Shangazi yako Mama Shirinbai, mhasibu wetu, alifuma kitambaa kizuri cha maua akaivisha kompyuta yake ubavuni na mgongoni, nusura tuitafutie na mahari. Ikapata moto, ikagoma. Fundi akasema imezibwa matundu ya kupumulia. Kitambaa kikavuliwa, mlango ukafungwa, kiyoyozi kikaongezwa, na mashine ikapewa mapumziko kuanzia saa nne mpaka mchana. Miaka kumi na tisa nimetembea kati ya ofisi na stoo katika vumbi la malori yanayopita hapa kwenda Wazo. Nakohoa kila mwezi wa nane. Sijasikia hata mtu mmoja akiuliza habari za matundu yangu.

5. UMBEA

Waya wenyewe ni mmoja, mweusi, umepita kwa kila mtu kama kamba ya kuanikia nguo: ofisini kwako, masijala, mapokezi, uhasibuni kwa mashine mbili, ukaishia stoo. Mashine sita zimening'inia humo. Mie nilidhani ukimwandikia mtu wa stoo, maneno yanakwenda stoo. Kumbe hapana. Yanatangazwa waya mzima. Kila mashine inatega sikio, inatazama jina lililoandikwa juu, ikiona si lake inajifanya haikusikia.

Ndugu Mkurugenzi, mie nimezaliwa katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja katikati. Huo mpango naujua. Vyumba vyote sita vilikuwa vinajifanya havikusikia, na mchana mtaa mzima unajua mama fulani amegombea nini na mumewe.

Niseme haki: zikianza kusema mbili kwa pamoja, zote hunyamaza, kila moja inasubiri kidogo kwa muda wake, kisha inaanza upya. Hili nalisifu na naomba lipelekwe kwenye mkutano wa wafanyakazi. Lakini siri hazina. Mie kwa miaka kumi na tisa sijafungua bahasha hata moja. Mwaka 1986 moja ilifunguka yenyewe kwa mvua, nikaisoma ili nijue ni ya nani, na baadaye niliitwa kwenye ndoa yao nikala pilau bila kusema neno.

6. BWANA ANSBERT

Hapa naomba usome polepole, na mie mzaha nauweka pembeni.

Mwezi uliopita Bwana Ansbert Fransis, mtunza stoo, alipata habari kwamba mama yake mzazi amefariki kwao Muleba. Habari zilichelewa, mazishi yalikuwa yameshapita, hakuona haja ya kusafiri. Akaja kazini kama kawaida. Kila jioni orodha ya mabati ikatoka stoo, ikapita kwenye waya, ikafika kwa Mama Shirinbai. Mabati sawa, misumari sawa, hakuna kosa. Ikawa hivyo siku tisa.

Kutoka mlango wa stoo mpaka meza ya Mama Shirinbai ni hatua thelathini na mbili, nazijua kwa miguu. Kwa siku tisa hakuna aliyezipiga, maana hapakuwa na haja. Mie nilikuwa nimewekwa getini nisubiri barua za nje. Siku ya kumi Jabiri mlinzi ndiye aliyemkuta amekaa peke yake nyuma ya marundo ya mabati, akamwuliza kulikoni, ndipo tukajua.

Mama Shirinbai alilia pale pale mezani. Alisema kila jioni alikuwa anapokea kazi ya mtu aliyefiwa na kuitia tiki. Akapika, akampelekea mwenyewe mpaka stoo. Mie iliniuma sana, na inaniuma ninapoandika. Orodha ile ningekuwa naichukua kwa mkono kama zamani, ningemtazama Bwana Ansbert usoni siku ya kwanza na ningejua. Sina masomo makubwa, lakini uso wa mfiwa naujua. Tulichanga rambirambi siku ya kumi na moja, kwa kuchelewa na kwa aibu.

7. UTORO KAZINI

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Huo waya ulioshika nafasi yangu, tangu Jumatatu asubuhi umekufa. Leo ni Alhamisi. Fundi Polikarpo amekagua mashine moja baada ya nyingine, anasema zote ni nzima, waya haujakatika popote, lakini hakuna kinachopita. Anasema ukiwa mzima unapitisha kitabu kizima kwa muda wa mtu kupiga chafya. Sibishi. Ila siku nne hizi haujapitisha hata nukta, haukuomba ruhusa, wala hauna karatasi ya daktari. Kwa kanuni zetu zilizobandikwa mapokezi, mtumishi asiyeonekana siku tatu bila taarifa amejifukuzisha kazi mwenyewe.

Na ni nani amekuwa waya siku zote hizo? Mie. Nabeba flopi, yaani vile visahani vya mraba vinavyobeba maandishi ya kompyuta, ndani ya bahasha, kifuani upande wa moyo, kwa sababu fundi amesema zisipigwe jua, zisikunjwe, zisisogee karibu na sumaku. Watoto wangu sikuwabeba hivyo. Jana peke yake nimekwenda na kurudi mara ishirini na moja. Stoo nazipeleka, uhasibuni nazivulia viatu, kwako napanda nazo ngazi. Na kila flopi nimeifikisha na salamu zake. Bi Lulu sasa anajua mguu wa Mama Shirinbai unamsumbua. Mama Shirinbai anajua mtoto wa Bi Lulu ameanza kutembea. Juzi Bwana Ansbert alicheka, na kilichomchekesha kilitoka masijala nikakipeleka mie.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, hesabu yake ni rahisi. Waya ulichukua kazi yangu kwa kuwa ni waya. Siku nne hizi waya ni mie. Basi aliyeandikiwa ile barua ya Jumatatu si mie, ni yule mwingine.

MAOMBI YANGU

(a) Waya uandikiwe barua ya kuachishwa kazi kama yangu, na nipewe mie niipeleke. Nitaubandikia ukutani, popote utakapopenda.

(b) Kama utaonewa huruma na kurudishwa, uanze upya kama sote tulivyoanza: usaili, majaribio ya miezi sita, na kuchangia misiba na harusi. Harusi ya Jabiri mwezi wa sita haukuonekana.

(c) Fundi azifundishe mashine zote kwamba shikamoo si amri mbaya. Ya masijala itambuliwe kuwa mkubwa wao. Ikisalimiwa ijibu marahaba kwanza, mambo ya mabati yafuate.

(d) Kama hayo yote hayawezekani, basi mie nisajiliwe kuwa kompyuta. Nimelifikiria sana hili na silisemi kwa hasira. Mashine ni sita, niwe ya saba. Nipewe namba yangu ya anuani, kama fundi alivyoipa kila moja. Nitawekwa panapopitisha hewa. Chai isiwekwe karibu yangu na mtu asiye na adabu. Nikipata moto niachwe kuanzia saa nne mpaka mchana, mlango ukiwa umefungwa. Mama Shirinbai asinifumie kitambaa; nakishukuru, lakini matundu yangu yabaki wazi.

Tena iwapo nitakuwa kompyuta nitapata haki moja ambayo binadamu wa ofisi hii hana. Bi Nusaiba alinionyesha. Ukitaka kufuta faili, hata faili la ovyo, la risiti za mwaka juzi, mashine haikubali mara moja. Inasimama, inakuuliza: una hakika? Mpaka ujibu ndiyo, haifuti. Mie nimefutwa kwa mistari minne na hakuna aliyeuliza swali hilo. Ulikuwa na hakika, Ndugu Mkurugenzi? Ningefurahi kujua kama palikuwa na mtu wa kukuuliza. Kazi hii ndiyo iliyowasomesha wanangu na ndiyo inayonitoa kitandani kila siku, na nje ya hapa Tegeta sijui mlango mwingine wa kugonga.

Nisikuchoshe zaidi. Nisalimie mkeo Bi Maliha na watoto; yule mdogo mwambie karatasi za rangi alizoniagiza nimezipata. Salamu kwa Mama Shirinbai na mguu wake, kwa Bi Nusaiba, kwa Bi Lulu, kwa Jabiri na bi harusi wake, kwa Bwana Ansbert hasa, na kwa fundi Polikarpo ambaye hana kosa, ametumwa tu. Msalimie na mzee wa masijala. Hanijibu, lakini tumetoka mbali.

Ni mie, kwa miguu yangu yote miwili,

Mashaka Sadallah
Tarishi

Tanbihi: Nilikuwa nimeshailamba bahasha hii fundi Polikarpo alipopita akimwuliza kila mtu kama ameona kidude cha chuma, kidogo, kinachokaa mwisho kabisa wa waya, nyuma ya kabati la stoo. Imenibidi niifungue. Kidude hicho ninacho mie. Nilikiona Jumamosi tulipokuwa tunasogeza kabati, yaani siku mbili kabla ya barua yako, kwa hiyo usinidhanie kisasi. Waya unafika pale kwenye mashine ya stoo unaishia, na hicho kimefungwa mwishoni, hakijaunganishwa na kitu wala mtu. Nikaona kimesahauliwa. Nikakizungusha kikatoka, nikakifunga kwa uzi juu ya kifuniko cha birika la chai, ambacho kishikio chake kilivunjika tangu Ramadhani. Wewe mwenyewe umekishika wiki hii ukajimiminia, na ukanisifu kwa ufundi.

Nimemwuliza fundi, bila kujitaja, kidude hicho kinafanya kazi gani. Akasema kazi yake haionekani kwa macho, kinakaa tu pale mwisho. Lakini kikikosekana, kila neno likifika mwisho wa waya linarudi nyuma, linagongana na mengine, na hakuna mashine itakayomsikia mwenzake. Kwa hiyo naomba lalamiko la saba lifutwe lote, pamoja na maombi (a) na (b). Waya haukutoroka kazini. Niliuua mie, kwa nia njema. Kidude nimekifungua kutoka kwenye birika, nimekifuta, na kimo ndani ya bahasha hii. Kikirudishwa waya utaamka, na barua yako ya Jumatatu itakuwa na haki yake. Nimeileta bahasha mwenyewe mpaka mlangoni kwako, kwa sababu kitu chenyewe, hata waya ungekuwa mzima, kisingepita humo.